Ushujaa hauzibi pengo la mpango mbovu

Mdogo wangu, umeuliza kama askari hodari wanaweza kuokoa kikosi chenye mpango mbovu. Mara nyingi hawawezi. Mwaka 1991 askari wanane wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, waliingia Iraq wakiwa wamepewa masafa ya redio yasiyo sahihi. Wakaita, kimya. Na baridi ile ya jangwani hawakuvaa nguo za kuikabili. Watatu walikufa, wanne wakatekwa, mmoja akatembea hadi Syria.

Sasa wewe unayeongoza doria ya ulinzi shirikishi hapo Mbagala: kabla ya kutoka, washa redio zote, mwite kila mtu ajibu. Kisha uliza, "Nikianguka mimi, nani anashika uongozi?" Wakibaki kutazamana, msitoke kwanza. (Betri chajini mchana, jamani, umeme wetu mnaujua.)