Mnunuzi Mjapani akinyamaza, usishushe bei

Ndugu yangu, pole. Unasema ulimtajia mnunuzi wa Tokyo bei ya kahawa yenu ya Moshi, akakaa kimya, nawe ukapunguza mara mbili papo hapo. Mwisho akasema "tutalitazama" na mpaka leo kimya. Kosa ni huko kupunguza. Kwa Wajapani, kimya mezani mara nyingi ni kufikiri tu. Mwenzako anapiga hesabu, wewe unamwonyesha kwamba bei ya kwanza haikuwa na msingi. Mimi nikishataja bei naweka kalamu chini, nanywa chai yangu, nasubiri.

Hilo "tutalitazama" linaweza kuwa hapana ya heshima, maana wengi wao hawapendi kumkatalia mtu usoni. Lakini huenda kweli anawauliza wenzake: kampuni nyingi za kule huamua kwa waraka unaozunguka idara hadi idara, utaratibu wanaouita ringi. Usimpigie kila siku. Mwandikie barua pepe fupi, ambatisha kipimo cha unyevu na matokeo ya uonjaji, umuulize wenzake wanahitaji taarifa gani. Akitaja kitu mahususi, biashara bado ipo. Na mkikutana tena, kadi yake ipokee kwa mikono miwili, uisome, uiache mezani.