Uhaba wa wahudumu wa afya si sawa na ajira: mjue anayelipa kabla ya kuchagua kozi

Matokeo ya mtihani yakitoka, swali huwa lile lile: kozi gani ya afya ina soko? Wengi hujibu kwa kutaja ugonjwa unaoongezeka, kisha fani inayoutibu. Jibu hilo lina kasoro kubwa, kwa sababu ugonjwa hauajiri mtu. Anayeajiri ni mwenye fungu la mshahara: serikali, bima, mfadhili, hospitali binafsi, au mgonjwa mwenyewe na ndugu zake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo mwaka 2030 dunia itapungukiwa na wahudumu wa afya wapatao milioni 11, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi hizo hizo wapo wauguzi na matabibu wenye leseni waliokaa miaka bila kazi. Wagonjwa wapo na wataalamu wapo. Kinachokosekana ni fedha za kuwakutanisha.

Anayechagua fani leo, basi, ana maswali mawili ya kujibu kwa pamoja: mahitaji yanaelekea wapi, na nani atayalipia. La kwanza ni rahisi zaidi, kwa kuwa mabadiliko ya idadi ya watu huonekana mapema.

Mwaka 2020 watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea walikuwa bilioni 1 duniani. Mwaka 2030 watakuwa bilioni 1.4, yaani mtu 1 katika kila 6. Korea Kusini, wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka hadi 0.72 mwaka 2023, wakati idadi ya watu hujishikilia pale tu wastani unapokaribia 2.1. Katika jamii za namna hiyo kazi inahama kutoka wodi ya uzazi kwenda kwa wazee. Ila kuna tahadhari hapa: ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya nchi zenye wazee wengi. Kama wewe utafanya kazi mahali ambapo nusu ya watu hawajafika miaka 20, ukunga na tiba ya watoto bado vina kazi nyingi mbele yake. Tafuta jedwali la umri katika ripoti ya sensa ya nchi unayotaka kufanyia kazi, kisha ongeza miaka 10 kwa kila kundi. Hao ndio wagonjwa wako wa baadaye.

Badiliko la pili ni aina ya maradhi. Mwaka 1990 watu wenye kisukari duniani walikuwa milioni 200. Mwaka 2022 walifika milioni 830. Mwenye malaria hutumia dawa siku chache akapona. Mwenye kisukari au shinikizo la juu la damu anahitaji huduma maisha yake yote, na matatizo yanapojitokeza kwenye figo, macho, miguu na moyo, kila kiungo kinadai mtaalamu wake.

Chukua mfano wa mashine moja ya kusafisha damu. Mgonjwa wa figo huunganishwa nayo kwa saa 4 hivi, mara 3 kwa wiki. Mashine ikifanya zamu 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki, inatoa vipindi 18, na hivyo inawatosha wagonjwa 6 tu. Kituo chenye wagonjwa 60 kinahitaji mashine 10 zinazofanya kazi bila kupumzika, na moja au mbili za akiba. Kila kipindi kinatumia lita 120 hivi za maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu sana, kwa sababu klorini ikibaki ndani yake inaharibu chembe nyekundu za damu ya mgonjwa. Hapo hapo umeona ajira za muuguzi wa figo, fundi wa mashine, fundi wa mtambo wa maji, mtaalamu wa lishe, daktari bingwa, na karani anayeandaa madai ya bima. Katika orodha hiyo, watu wengi humfikiria daktari peke yake. Fundi wa vifaa tiba ndiye anayesahaulika zaidi, na ndiye ambaye asipokuwepo kituo kizima kinasimama.

Sasa piga hesabu ya malipo: vipindi 3 kwa wiki ni 156 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Familia chache sana zinaweza kulipa hivyo mfululizo. Bima ikikubali kulipia, vituo vinafunguliwa na ajira zote zile zinakuja. Isipokubali, ugonjwa unaongezeka na ajira haziongezeki. Ndiyo maana kwetu sisi kitita cha mafao ya bima ni waraka muhimu kwa mwanafunzi kuliko kijitabu chochote cha chuo. Usome. Angalia huduma zilizoingizwa hivi karibuni, zilizoondolewa, na zile ambazo kiwango chake cha malipo kimekatwa. Huduma za utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujimudu baada ya ugonjwa au jeraha, ni mfano mzuri. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao bilioni 2.4 wana hali ambayo utengamao ungeisaidia, lakini mahali ambapo bima hailipii fiziotherapia, mtaalamu wake anabaki kutegemea wenye uwezo wa kulipa taslimu.

Kuna mahali watu huumia zaidi kuliko pote, napo ni kwenye fedha za mfadhili. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na ndani ya wiki chache wahudumu wengi wa miradi ya Virusi vya Ukimwi na kifua kikuu katika nchi mbalimbali wakaambiwa wasirudi kazini. Hawakuwa wazembe, na wagonjwa wao hawakupungua. Fungu moja lilifungwa. Kazi ya mradi si mbaya: hulipa vizuri na hufundisha mengi. Lakini ukiipata, jua mkataba wa mfadhili unakwisha lini (si mkataba wako tu), weka akiba ya mishahara ya miezi 6, na jipatie ujuzi unaotumika nje ya mradi. Aliyefanya ushauri nasaha wa Virusi vya Ukimwi kwa miaka mingi ana msingi mzuri wa kufuatilia wagonjwa wa kisukari: kuhesabu dawa, kumtafuta aliyeacha kliniki, kuzungumza na familia bila kuvunja siri.

Kosa jingine linatokana na muda. Shahada ya udaktari ni miaka 5 au 6, mafunzo ya utarajali kwa kawaida mwaka 1, ubingwa 3 hadi 5. Soko unaloliona siku ya kujiunga si utakalolikuta. Marekani walijifunza hilo kwa wafamasia. Miaka ya 2000 mwanzoni wafamasia walikuwa adimu na mishahara ikapanda. Vyuo vya famasia vikaongezeka kutoka takriban 80 mwaka 2000 hadi zaidi ya 140 miaka 20 baadaye. Wahitimu wakamiminika, mishahara ikadumaa, na waombaji wa nafasi za masomo wakapungua sana. Kwa hiyo kila kozi inaposifiwa na kila mtu, uliza imefunguliwa katika vyuo vingapi na inadahili wangapi kwa mwaka, ulinganishe na nafasi zilizotangazwa. Idadi ya wanaodahiliwa leo ndiyo idadi ya mtakaogombea nafasi pamoja.

Kabla ya kulipa ada, fanya ukaguzi huu, na usiridhike na maneno ya ofisi ya udahili. Kwanza, uliza baraza la kitaaluma linalosajili wahitimu wa kozi hiyo ni lipi, kisha thibitisha kwa baraza lenyewe kwamba kozi hiyo inatambuliwa, kwa sababu kuna chuo chenye ithibati ya jumla ambacho kozi yake moja haitambuliwi. Pili, tafuta kada hiyo katika muundo wa utumishi wa serikali. Hapa ndipo kozi mpya zenye majina ya kuvutia huwaangusha vijana: mtu anahitimu shahada nzuri, lakini kada yake haimo kwenye muundo, kwa hiyo hakuna ngazi ya mshahara ya kumwajiri hata pale mganga mkuu anapomtaka. Tatu, uliza wanafunzi wangapi wanagawana wodi moja ya mafunzo kwa vitendo. Wakiwa 40 wamemzunguka mgonjwa mmoja, utahitimu bila kuweka mrija wa mkojo kwa mkono wako mwenyewe, na mwajiri atalijua hilo siku ya kwanza. Nne, kusanya matangazo ya kazi ya fani hiyo kwa miezi 3. Andika mwajiri, aina ya mkataba, miaka ya uzoefu inayotakiwa na chanzo cha fedha. Ukiona matangazo mengi ni ya mikataba ya miezi 12 na yote yanataka uzoefu wa miaka 3, umeujua mlango ulivyo mwembamba.

Kuhusu akili mnemba (AI), hofu imewapoteza wengi. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hiyo, alisema watu waache kabisa kufundisha wataalamu wa radiolojia, kwa kuwa ndani ya miaka 5 mashine zingewapita. Miaka 5 ilipita, na hospitali bado zinawatafuta. Kompyuta zimekuwa hodari kweli katika kutambua doa kwenye picha. Lakini kazi ya radiolojia ni pamoja na kuamua kipimo gani kifanyike, kulinganisha na historia ya mgonjwa, kuchukua kipande kidogo cha nyama ya mwili kwa uchunguzi huku picha ikiongoza sindano, kuzungumza na daktari wa upasuaji, na kuweka saini ya mtu atakayewajibika kisheria. Tena picha zikipatikana kwa urahisi, madaktari huagiza picha nyingi zaidi.

Kipimo tunachopendekeza ni kuvunja kazi vipande. Andika mambo 10 ambayo mtu wa fani hiyo anayafanya kwa siku, kisha weka alama kwenye yale yanayorudiwa kwa kanuni ile ile na yasiyohitaji kumgusa wala kumwona mtu. Yakizidi nusu, kazi itabaki lakini watakaoifanya watapungua. Maabara ni somo zuri hapa. Kuhesabu chembe za damu kwa darubini sehemu nyingi kumeshachukuliwa na mashine. Lakini makosa mengi ya maabara hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine: jina la mgonjwa mwingine kwenye chupa, damu iliyovutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba hadi chembe zikapasuka na potasiamu ikaonekana imepanda kumbe haijapanda. Mashine itatoa namba safi kabisa ya uongo. Mteknolojia anayeijua sababu hiyo, anayesimamia ubora na anayejua kukataa sampuli, ndiye atakayebaki. Anayebonyeza kitufe tu yuko hatarini.

Kazi za matunzo nazo zinaongezeka kwa sababu familia zinapungua ukubwa na watoto wanahamia mijini, na mzee anabaki bila wa kumgeuza kitandani. Ni kazi ambazo mashine haitazichukua karibuni, lakini malipo yake ni duni. Wanawake ni takriban asilimia 67 ya wafanyakazi wa afya na matunzo duniani, na pengo la mshahara kati yao na wanaume linakadiriwa kuwa asilimia 24. Tunaliona hilo kuwa dhuluma, na anayeingia huko alijue mapema, ili ajipangie kupanda kutoka ngazi ya msaidizi kwenda ile yenye usajili.

Wengi watauliza kuhusu kwenda nje. Muuguzi 1 katika kila 7 duniani anafanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa, kwa mujibu wa ripoti ya hali ya uuguzi ya mwaka 2025, kwa hiyo njia ipo. Kinachokwamisha watu ni karatasi zaidi kuliko akili. Marekani inataka mtihani wa leseni ya uuguzi uitwao NCLEX, Uingereza inataka mtihani unaofanywa kwenye kompyuta na kisha ule wa vitendo uitwao OSCE pamoja na kipimo cha lugha, Ujerumani inataka Kijerumani, kwa kawaida cha ngazi ya B2, yaani ya kati ya juu. Kabla hujaondoka chuoni, omba hati inayoonyesha saa za nadharia na saa za vitendo kwa kila eneo: watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto na afya ya akili. Hati zisizotenganisha saa hizo hurudishwa, na kuzitafuta miaka 8 baadaye, wakati mkuu wa idara amestaafu na majalada yamehamishwa, ni mateso. Kwa wakala anayekudai ada ya kukutafutia kazi, kumbuka kwamba Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unakataza mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi, isipokuwa kwa hali maalumu zilizoruhusiwa na nchi. Na kabla ya kusaini, tafuta kifungu cha faini kwa anayeacha kazi mapema. Milango hii pia hufungwa ghafla nchi husika ikibadili sera ya viza, kwa hiyo usichague fani isiyo na kazi nyumbani kwa matumaini ya viza peke yake.

Aliye kazini tayari hahitaji kuanza upya. Muuguzi wa wodi anaweza kujiongezea huduma ya vidonda vya kisukari, usafishaji damu au tiba shufaa (ya kuwapunguzia maumivu wenye maradhi yasiyopona). Tabibu, kliniki ya shinikizo la damu. Mtaalamu wa takwimu za afya, uandaaji wa madai ya bima, ambako dai lenye msimbo usiolingana na utambuzi wa ugonjwa hukataliwa na hospitali hukosa fedha ilizokwisha kuzitumia. Kwa kila kozi fupi uliza mambo mawili: je, baraza linaihesabu kwenye alama za mafunzo endelevu ya kuhuisha leseni, na je, inabadilisha ngazi yako ya mshahara au majukumu yako? Ikiwa majibu yote mawili ni hapana, mwombe mwalimu wa kozi akuonyeshe mhitimu wa mwaka jana na kazi anayoifanya sasa, ndipo ulipe.