Maua ya mapambo huleta wadudu wa mazao

Si kweli kwamba ua lisiloliwa haliwezi kuleta mdudu wa kushambulia mazao. Mfano unaojulikana sana ni inzi weupe wa aina ya B (wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa mimea), ambao katika miaka ya 1980 walisambaa kutoka nchi hadi nchi kupitia biashara ya miche, hasa ya poinsetia, lile ua jekundu la Krismasi, kisha wakahamia kwenye nyanya, maboga na pamba. Ukigeuza jani la mche ulionunua katika vitalu vya kando ya barabara hapa Kampala, utaona kwa nini: mayai na wachanga wao hung'ang'ania upande wa chini, wakiwa wadogo kiasi cha kumpita hata mkaguzi makini. Mche unaovushwa mpakani ndani ya buti ya gari ndio kabisa, haumfikii mkaguzi yeyote. Hata hivyo, si kila mdudu mgeni aliletwa na wauza maua, kwani nondo wa viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Afrika mwaka 2016, huruka wenyewe mamia ya kilomita.