Mama mkwe hakukutukana

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Tabata na mume wangu na mtoto wetu mmoja. Nina cheti cha kidato cha nne. Mwezi wa nane huu natafuta kazi ya kuuza duka au supamaketi. Nimetuma maombi zaidi ya 60 kwa simu, kimya. Niliwahi kushika duka la vipodozi wiki tatu, nikaacha, bosi ana maneno. Mume wangu anaendesha kirikuu, anabeba mizigo ya watu Kariakoo, na siku hizi ananisimanga kwa 180,000 nilizompa wakala wa ajira. Mama mkwe naye kanitukana, eti nikakae kwa Mangi, mwenye duka hapo mtaani, nijifunze kupima sukari ya kuuza. Nafikiria kurudi kwa mama yangu Tanga. Nimevumilia vya kutosha. — Mvumilivu, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Miezi minane bila kupigiwa simu inachosha, pole. Sasa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mwenye akili kuliko wote humo ndani ni mama mkwe wako.

Mwenye duka haogopi mtu asiyejua kazi. Anachoogopa ni wizi: mia mia zinazochomoka kwenye droo, katoni inayotokea mlango wa nyuma. Kwa hiyo kabla hajatazama cheti chako anauliza, nani anakujua? Atataka namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa na mdhamini, wengine wanataka wawili, watu ambao makazi yao yanajulikana. Maombi yako 60 hayana mdhamini hata mmoja. Yanafutwa pamoja na matangazo ya mikopo.

Kwa Mangi utapata uzoefu na mtu wa kusema "huyu namjua". Miezi miwili inatosha, hata nusu siku, ukiwa macho. Jifunze kurudisha chenji kwa kuhesabu kupanda: mteja kanunua vya 3,700, katoa 10,000, unampa mia tatu inakuwa elfu nne, buku inakuwa elfu tano, kisha elfu tano. Noti yake iache juu ya meza mpaka apokee chenji, usije ukaambiwa ulipewa noti kubwa zaidi. Akilipa kwa lipa namba, soma ujumbe kwenye simu ya duka. Skrini ya mteja usiiamini, watu wanatembea na ujumbe wa jana. Mzigo mpya unapangwa nyuma, wa zamani mbele, la sivyo maziwa yanaharibikia rafuni. Na jioni funga hesabu mwenyewe: fedha iliyopo pamoja na ya lipa namba, toa chenji ya kuanzia asubuhi, ongeza matumizi yaliyotolewa, linganisha na mauzo. Anayejua hili hata supamaketi hawamfundishi mengi zaidi ya mashine.

Tuje kwenye vipodozi. "Bosi ana maneno." Maneno gani, mbona hukuyaandika? Nanusa shoti hapo, hela kupungua kwenye hesabu. Kama ndivyo, liseme kabla hujaulizwa, maana wenye maduka wanaulizana. Na kama alikata mshahara wako wote, basi yeye ndiye mkosaji: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka akueleze kwa maandishi hasara ni kiasi gani na imetokana na nini, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Lakini kama ulichoka tu kusimama kutwa, bado utasimama. Kazi hii hailiwi umekaa.

Sasa huyo mume. Umempa nusu mstari, "anaendesha kirikuu", kama unaomba radhi. Mtu anayekabidhiwa mzigo wa mamilioni na wafanyabiashara wa Kariakoo na kuufikisha bila katoni kupungua, ndiye mdhamini unayemtafuta miezi yote hii! Umemwomba akutambulishe hata kwa mmoja? Sidhani. Ulimkimbilia wakala usiyemjua, ukampa 180,000, na kwa kuwa huna kazi, hizo ni hela za kirikuu. Nahisi mwenzio alijua zilipokwisha kuliwa. Mwajiri wa kweli hauzi fomu wala haombi hela ya sare. Ndoa za siku hizi zina maajabu: mke anamwamini mtu wa kwenye simu kuliko anayelala naye kitanda kimoja, na mume akiuliza anaitwa msimangaji.

Mwombe radhi. Kisha akutajie maduka matatu anayoyabebea mizigo, akupeleke, akutambulishe, aondoke. Msiende asubuhi; wakati huo kuna wanunuzi wa jumla wa mikoani, wa Zambia na wa Kongo, nani atakusikiliza? Nendeni saa nane mchana. Omba kumwona mwenye duka mwenyewe, wateja wakipungua. Kijana wa kaunta hana haraka ya kujiletea mshindani. CV iwe ukurasa mmoja, na simu ya mdhamini iandikwe juu. Uwe na daftari: tarehe, duka, uliongea na nani, akasemaje. Rudi baada ya siku kumi, na mara moja tena baadaye. Zaidi ya hapo ni kero. Januari usihesabu ukimya kuwa umekataliwa. Ada za shule zimewamaliza wateja, hakuna anayeongeza mtu. Mikono ya ziada hutafutwa kabla ya Idi, na kuanzia Novemba kuelekea Krismasi. Anayechukuliwa kibarua hapo na hesabu zake zikakaa sawa ndiye huambiwa abaki.

Tanga kwa mama yako hakuhami. Nauli hiyo ya basi ingekupeleka Kariakoo na kukurudisha mara kumi. Kesho nenda kwa Mangi wakati hana foleni, na uongozane na mama mkwe. Nadhani yeye ndiye anayekopa pale na kulipa kwa wakati, maana asingekutuma kwa mtu asiyemjua.