Umepangwa Mstari wa Mbele? Ongeza Kilo Unazoweza Kukimbia Nazo

Kijana anafika sekondari ya Marekani, labda Minnesota, labda Texas, akiwa na mabega mapana na viatu namba 46. Kocha wa futiboli yao (ya Kimarekani, si soka) anamtazama mara moja tu na kumpanga mstari wa mbele, kisha anamwambia aongeze uzito. Ushauri huo ni nusu tu, na nusu iliyobaki kwa kawaida huokotwa kwenye simu au kwa rafiki wa jimu. Huko ndiko wengi wanakoharibikia, kwa hiyo tuanze na kazi yenyewe.

Upande wa mashambulizi, mstari una watu watano: senta katikati, magadi wawili, na mateko wawili pembeni (chunga matamshi ukiwa mbele ya wazee). Wanamlinda kwotabeki, yaani mrusha mpira, na kumfungulia njia mkimbiaji. Mbele yao kuna watatu au wanne wa ulinzi wanaotaka kupita. Pambano moja huchukua sekunde kama tano, mnapumzika kidogo, mnarudia, mara 60 au zaidi kwa mechi. Uzito una faida kwa sababu mtu mzito ni vigumu kumsukuma. Lakini kilo ulizoziongeza ovyo zinakulipa robo ya kwanza na kukudai robo ya nne, pale miguu inapogoma, unasimama wima na mtu wa kilo 120 anakupita kama mlango wazi.

Usijilinganishe na watu wa NFL, ligi yao ya kulipwa. Mwaka 1985 William Perry wa Chicago Bears, waliyemwita Friji, alikuwa kioja cha taifa kwa kuvuka paundi 300, yaani kilo 136. Leo, mchezaji wa kawaida wa mstari wa mashambulizi wa NFL anazidi kilo 140. Hao ni watu wazima waliokula na kunyanyua kwa mpango karibu miaka kumi. Wewe una miaka 15 na kilo 88, na hakuna aliyekuchelewesha.

Nguvu yenyewe inapimwaje? Kwenye majaribio ya NFL kule Indianapolis, mchezaji hulala kwenye benchi na kusukuma paundi 225 mara nyingi awezavyo: chuma cha paundi 45 na sahani mbili za 45 kila upande, kilo 102 kwa jumla. Mwaka 1999 Justin Ernest alizisukuma mara 51. Hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya mwaka ule. Benchi inaonyesha kifua, na mstari unachezwa kwa nyonga, miguu na viganja. Wasaka vipaji wanaangalia zaidi yadi 10 za kwanza za mbio, urefu wa mikono, na kama unaweza kukaa chini huku mgongo umenyooka.

Basi ratiba yako, siku tatu au nne kwa wiki, isimame juu ya skwati, kuvuta chuma kutoka sakafuni, na kukirusha hadi mabegani kwa kishindo. Benchi ifuate. Anza na chuma kitupu mpaka kocha wa nguvu aridhike, kisha ongeza paundi 5 kwa mazoezi ya juu na 10 kwa ya miguu, si kila siku, ila pale seti zote zinapokamilika bila umbo kuvunjika. Kosa tunaloliona mno ni kijana mwenye kifua kama ngoma na vifundo vya miguu vikavu. Akitakiwa kushuka anainama kiunoni badala ya kukunja magoti, beki anamshika shati la kifuani, anamvuta, na yeye anakula nyasi. Jipime hivi: chuchumaa visigino vikiwa chini, kaa dakika moja. Aliyekulia choo cha shimo ana mtaji hapa. Aliyekulia kwenye kochi afanye zoezi hili kila jioni.

Chakula. Lengo ni robo hadi nusu kilo kwa wiki, hivyo ongeza kalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya unachokula sasa. Protini iwe gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili, na kwa kijana wa kilo 90 hiyo ni kama gramu 145 hadi 180. Mlima wa ugali na mchuzi mwepesi unashibisha tu, haufikishi hapo. Bakuli la uji uliopikwa kwa glasi mbili za maziwa, vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga na ndizi moja linakupa kalori kama 700 na protini karibu gramu 28, kwa bei ndogo kuliko poda yoyote. Yai moja lina gramu 6. Maharage, samaki na kuku mnavijua. Jipime Jumatatu asubuhi, umetoka msalani, hujala, kisha pitisha futi kiunoni. Kiuno kikikua na skwati imesimama palepale, unanenepa, punguza. Presha ipimwe pia, maana wachezaji wa mstari hupata presha ya juu wakiwa bado vijana, na ukiambiwa unakoroma na kukatika pumzi usingizini, nenda kwa daktari, usicheke. Joe Thomas, teko wa Cleveland Browns aliyecheza mapambano 10,363 mfululizo, alipunguza zaidi ya kilo 20 baada ya kustaafu. Uzito ule ulikuwa sare ya kazi, akaivua.

Sasa kopo la virutubisho. Kreatini monohaidreti inaruhusiwa, na gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Kilo moja au mbili za mwanzo ni maji ndani ya misuli, usijisifu. Kama hujafikisha miaka 18, wazazi na daktari wajue kwanza. Nunua lenye alama ya NSF Certified for Sport tu (kwamba limepimwa kwa ajili ya wanamichezo), kisha geuza kopo usome nyuma. Ukiona mchanganyiko wa siri usiotaja kipimo cha kila kitu, rudisha rafuni. Ukiona chupa ya SARM (kemikali za kukuza misuli), mara nyingi ina maandishi kwamba ni kemikali ya utafiti na si kwa matumizi ya binadamu, na anayekuuzia anajua utainywa. Lane Johnson, teko wa Philadelphia Eagles, alisimamishwa mechi 4 mwaka 2014 na mechi 10 mwaka 2016. Mara ya pili alitaja kirutubisho cha amino asidi kuwa chanzo. Utetezi wa namna hiyo haukuokoi, kwa kuwa sheria inasema kilichomo mwilini mwako ni chako.

Steroidi, homoni za kukuza misuli, zinafanya kazi, tusidanganyane, na ndiyo maana NFL ilianza kuzipima mwaka 1987 na kufungia watu mwaka 1989. Ubaya ni kwamba misuli inakua kwa wiki na kano zinahitaji miezi, hivyo siku moja kano ya kifua inakatika chini ya chuma. Korodani zinasinyaa kwa kukosa kazi, matiti yanaota, kolesteroli nzuri inashuka na ukuta wa moyo unanenepa. Kwa kijana ambaye bado anarefuka, mifupa inaweza kufunga mapema na urefu ukaishia hapo. Ukikamatwa chuoni unapoteza mwaka mzima wa kucheza. Na kuna jambo makocha hawalisemi kwa sababu haliwahusu: tangu sheria ya 1990, steroidi ni dawa zinazodhibitiwa. Mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) akitiwa hatiani kwa kuwa nazo bila cheti cha daktari anaweza kufukuzwa nchini. Mwenzako mzaliwa wa pale atapewa onyo, wewe utapewa tiketi ya ndege.

Dawa za kukojosha nazo ni mtego kwa watu wazito wanaotakiwa kufikia kilo fulani. Mwaka 2008 Kevin Williams na Pat Williams wa Minnesota Vikings walikutwa na bumetanidi, dawa ya kukojosha iliyokuwa ndani ya vidonge vya kupunguza uzito vya StarCaps, bila kuandikwa kwenye lebo. Mbali na kesi, mtu aliyekausha maji akaingia uwanjani mwezi wa nane anatafuta kifo.

Na hapo kwenye joto usifanye utani. Korey Stringer, teko wa Vikings mwenye kilo 152, alianguka mazoezini Mankato na kufariki tarehe 1 Agosti 2001 kwa kiharusi cha joto, akiwa na miaka 27. Mwili mkubwa hutoa joto jingi na kulipoteza polepole. Siku mbili za kwanza vaa helmeti tu, tatu zinazofuata ongeza pedi za mabega, sare kamili siku ya sita. Jipime kabla na baada. Kila kilo iliyopotea inywee lita moja na nusu. Mwenzako akiyumba, akiongea ovyo au akikasirika bila sababu, atumbukizwe kwenye maji ya barafu hadi shingoni papo hapo huku mkiita gari la wagonjwa. Kupoza kwanza, kusafirisha baadaye.

Halafu seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto aliyezaliwa Marekani alipimwa siku za mwanzo. Aliyezaliwa Tanga, Kigoma au Bukavu huenda hajapimwa kabisa, na kwetu wanaobeba nusu ya kinasaba hiki (waliokirithi kwa mzazi mmoja tu) ni wengi na wanaishi bila dalili. Mwaka 2006 Dale Lloyd II wa Chuo Kikuu cha Rice, aliyekuwa na nusu hiyo, alizidiwa mazoezini baada ya mbio za kurudia na akafariki. Mtu wa namna hii hakazwi misuli wala hapigi kelele. Anaishiwa miguu, anakaa chini, anaongea vizuri, na kocha anadhani ni mvivu. Asimamishwe, apewe oksijeni na aitiwe msaada. Kipimo ni cha damu tu, na ukiwa na nusu unaruhusiwa kucheza, ila unaanza taratibu na hukimbizwi mbio za kupimwa muda siku za mwanzo. Peleka majibu kwa mtabibu wa timu kabla ya mazoezi ya kwanza, na ukiwa hapo muulize beseni la barafu liko wapi na nani analijaza.