Unaanza kazi redio ya mazungumzo? Anzia kwenye simu

Wadogo zangu mnaokuja fildi, na nyie mlioajiriwa juzi juzi kwenye vipindi vya mazungumzo, naandika hii kwa sababu kila msimu naona jambo lile lile. Mtu anafika studio siku ya kwanza anakimbilia maiki na hedifoni, anataka sauti yake isikike mtaani kwao, ila kile kiti cha pembeni cha kupokea simu hakuna anayekitaka. Na kazi yenyewe iko pale. Redio ya muziki mambo yakiharibika unaweka wimbo mwingine maisha yanaendelea, redio ya mazungumzo ina watu wanaoongea tu, na wengi wao hujawahi kuwaona wala hujui wamekula nini leo.

Redio iliyonifundisha sana sio ya huku kwetu, ni KGO 810 ya San Francisco, Marekani. Nilikuwa naishi Oakland, mji jirani na San Francisco, nalinda ghala usiku, redio ndo ilikuwa mwenzangu, na nimeichagua kwa sababu ni stesheni ambayo unaweza kuifuata toka kuzaliwa mpaka kufa ukaona wazi nini kiliijenga na nini kiliibomoa. Ilianza kurusha matangazo tarehe 8 Januari 1924, pale pale Oakland, mwenye nayo akiwa General Electric, kampuni ya vifaa vya umeme. Enzi hizo ni muziki na michezo ya kuigiza kama redio zingine. Ikapita mikononi mwa mtandao wa redio wa NBC, ikaja mwingine wa ABC, na miaka ya 1960 ndo ikageukia habari na mazungumzo ya kupiga simu. Mtangazaji wao mmoja wa wakati huo, Ira Blue, alikuwa anaendesha kipindi akiwa ndani ya klabu ya usiku iitwayo hungry i, watu wapo mezani na yeye yuko hewani. Mnaoona kurusha kipindi kutoka mgahawani ni ubunifu wa juzi, hiyo ni zaidi ya miaka 50 nyuma.

Mtambo wao ulikuwa wa wati 50,000 kwenye masafa ya kati, yaani AM. Sasa nyie mmezaliwa kwenye FM, ambayo ikikutana na mlima inaishia hapo hapo, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Masafa ya kati mchana yanamezwa na tabaka la chini la anga, jua likizama lile tabaka linapotea na mawimbi yanapanda juu zaidi, yanagonga huko yanarudi ardhini mbali sana. Ndo maana KGO usiku ilisikika pwani yote ya magharibi, toka upande wa Kanada mpaka Mexico. Saa nane usiku anapiga dereva wa lori aliyeko jimbo la Oregon, anafuata nesi wa San Jose yuko zamu, wote wako kwenye kipindi kimoja cha redio inayoitwa ya San Francisco.

Kipindi hicho cha usiku kilikuwa cha Ray Taliaferro, saa saba usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, na pale KGO alikuwepo toka 1977 mpaka 2011. Hebu fikirieni, zaidi ya miaka 30 stesheni ile ile, sauti ile ile. Mtu mweusi anaongea siasa usiku kwenye stesheni kubwa wakati weusi wenye vipindi vyao vya mazungumzo kwenye miji mikubwa ya Marekani walikuwa wachache mno, na alikuwa mkali kweli kweli, wanaompinga walikuwa wanapiga kila siku. Asubuhi saa tatu mpaka saa sita mchana ni Ronn Owens, ambaye alianza 1975. Usiku wa mapema ni Gene Burns, na Jumamosi huyo huyo Burns alikuwa na kipindi cha chakula na mikahawa. Dr. Dean Edell alikuwa anajibu maswali ya afya, Len Tillem mwanasheria anajibu watu wenye kesi za mirathi na wapangaji, Jumapili asubuhi kuna kipindi cha mambo ya dini ambacho mkristo, myahudi na asiyeamini kabisa wote wanapiga.

Angalieni hiyo ratiba vizuri. Kila mtu ana saa yake na kila saa ina aina yake ya msikilizaji, na ratiba haikuwa inachezewa chezewa. Kuanzia 1978 KGO ilikuwa namba moja kwa wasikilizaji eneo lile kwa kama miaka 30. Mimi naamini siri kubwa ilikuwa hiyo tu, mtu alijua akiwasha redio muda fulani atamkuta fulani. Huku kwetu naona kipindi kinahamishwa toka saa kumi kwenda saa mbili usiku kisa kuna tangazo limeingia, halafu tunashangaa wapigaji wameenda wapi. Mama aliyekuwa anawasikiliza akipika hayupo tena jikoni muda huo! Ukiwa mgeni huna sauti ya kupanga ratiba, najua, ila unaweza kuandika nani anapiga saa ngapi na kutoka wapi, na siku bosi anataka kuhamisha kipindi unaweka daftari mezani.

Tuje kwenye simu sasa. Simu ikiita usiirushe hewani kwanza. Msalimie vizuri, mtu mzima mpe shikamoo yake, muulize jina, anapiga kutoka wapi, na umwambie akueleze kwa kifupi anataka kusema nini. Andika kwa sentensi moja ambayo mtangazaji ataisoma kwa jicho moja huku anaongea: "Baba, Kihonda, anasema ushuru wa soko umepanda na choo hakuna." Hapo mtangazaji ana kazi ya kufanya. Ukimwandikia "Baba, Kihonda, soko" umemtupa gizani. Kisha mwambie mpigaji apunguze sauti ya redio yake au asogee mbali nayo, maana bila hivyo sauti inajirudia na anaanza kujisikiliza mwenyewe badala ya kujibu. Mwambie pia kuna watu wangapi mbele yake, salio ni lake. Na akina mama wakipiga msiwaache kwenye foleni mpaka wakate, kwenye vipindi vyetu vya siasa wanaume wanajaza laini zote dakika tano za mwanzo na kipindi kizima kinakuwa cha wanaume wale wale.

Hao wapigaji wa kila siku msiwadharau lakini msiwaachie nyumba. Wanajulikana, wana majina yao ya hewani, wasikilizaji wanawapenda, wapeni nafasi yao ila mpigaji mpya ndo aanze.

Kuchuja simu sio kuchagua wanaokubaliana na mtangazaji, na hapa nawaomba mnielewe. Owens alikuwa anabishana na mrengo wa kulia leo, kesho na wa kushoto. Mwaka 1987 Marekani walifuta kanuni iliyozitaka redio zitoe pande mbili za mambo yenye ubishi, redio nyingi zikachagua upande mmoja na kununua vipindi vya nchi nzima, KGO ikaendelea kuwa na watangazaji wake wa pale pale mjini wenye misimamo tofauti. Anayepinga kwa hoja muweke mbele kabisa ya foleni. Unayemzuia ni anayetukana, anayemtuhumu mtu kwa jina bila ushahidi, na anayeanza kuongelea kabila la watu.

Hilo la mwisho sisi wa ukanda huu tunalijua kwa machungu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 vipindi vya kupiga simu vya redio za lugha za nyumbani vilinyooshewa kidole sana, mpaka mtangazaji wa Kass FM, redio ya Kikalenjin, Joshua arap Sang, akafikishwa ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai. Kesi ilisitishwa Aprili 2016 kwa ushahidi kutotosha, hakutiwa hatiani, lakini hiyo ni miaka mingi ya maisha ya mtu. Uganda nako, ghasia za Septemba 2009 serikali ikaifungia redio CBS ya Buganda, ikapiga marufuku ebimeeza, yale mazungumzo ya wazi ambayo wananchi wanakaa baa au bustanini wanajadili na redio inarusha moja kwa moja. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010. Kama studio yenu haina mtambo wa kuchelewesha sauti kwa sekunde chache, basi mtambo huo ni wewe uliyeshika simu, na vidole vyako vikae karibu na kile kitelezi cha laini.

KGO iliishaje? Kwenye 2008 upimaji wa wasikilizaji ulibadilika, na namba zikaanza kushuka. Septemba 2011 kampuni ya Cumulus ikaichukua, na mwanzoni mwa Desemba mwaka huo huo ikaondoa karibu watangazaji wote wa mazungumzo, Taliaferro, Burns, Tillem, ikaweka habari kutwa nzima. Owens alibaki. Mapema Oktoba 2022 mazungumzo yakakatwa ghafla, zikapigwa nyimbo zinazoongelea pesa, na siku chache baadaye ikarudi kama stesheni ya kubashiri mechi. Masafa yalibaki yale yale 810.

Kilichobaki kinasikika leo kwa sababu kuna watu walirekodi na kutunza, na Bay Area Radio Museum, makumbusho ya redio za eneo lile la San Francisco, wamekusanya sauti nyingi za zamani. Kwa hiyo kitu cha mwisho nawaomba, kesho mkiingia ulizeni vipindi vya mwaka jana viko wapi. Mara nyingi viko kwenye kompyuta moja ambayo inafutwa ikijaa. Nunua hadidiski hata ya kuchangishana, kila kipindi kipe jina kwa tarehe, mada na mgeni, sio "kipindi mpya 2 final". Na wale watangazaji wenu waliostaafu wafuateni nyumbani na rekoda, waulizeni nani alikuwa anapiga miaka ile na walikuwa wanagombania nini.