Sindano kavu kwa maumivu ya bega

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninafanya biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Tangu mwaka jana nina maumivu yanayoanzia shingoni na kushuka hadi bega la kulia, na nikipabonyeza nasikia fundo gumu kama punje ya mahindi. Nimechuliwa, nimemeza diklofenaki, lakini nafuu haidumu. Ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam alichomwa sindano kavu na mtaalamu wa fiziotherapia akapata nafuu. Huku mtaani kuna mtu anayepita nyumba kwa nyumba akisema anaiweza kazi hiyo. Je, nimwite?
Muuza dagaa, Kibirizi

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Tafadhali usimwite.

Tiba yenyewe ni ya kweli. Mtaalamu hupapasa msuli mpaka alipate lile fundo, hulibana kwa vidole, kisha huingiza sindano nyembamba isiyo na tundu wala dawa, ambayo unene wake ni takriban robo ya milimita. Sindano ikilifikia fundo, mara nyingi msuli hushtuka ghafla, na baada ya hapo eneo hilo huuma kwa siku moja au mbili. Mwaka 1979 daktari Karel Lewit wa Chekoslovakia alichapisha taarifa kwamba wagonjwa wengi waliochomwa hivyo walipata nafuu papo hapo, ingawa hawakutiwa dawa yoyote. Tafiti zilizofuata zinaonyesha kuwa maumivu hupungua kwa wiki kadhaa, lakini ushahidi wa nafuu ya muda mrefu ni hafifu.

Kinachonitia hofu ni mahali unapoumwa. Chini ya msuli huo wa kati ya shingo na bega ndipo ilipo ncha ya juu ya pafu, na sindano ikizama kupita kiasi inaweza kulitoboa, hewa ikavuja na kulibana pafu lisiweze kutanuka. Jambo hilo hutokea mara chache, lakini likitokea mgonjwa husikia kichomi na kukosa pumzi, pengine saa kadhaa baada ya kuchomwa, na hapo ni kukimbilia hospitali bila kusubiri. Isitoshe, sindano iliyokwisha kutumika kwa mwingine inaweza kukuambukiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Kwa hiyo nenda kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ukachunguzwe, hasa kama mkono unakufa ganzi au unakosa nguvu, kwa maana huenda chanzo ni mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Waeleze pia ni muda gani umekuwa ukimeza diklofenaki, kwa sababu ikitumiwa mfululizo huumiza tumbo na figo.

Ukimpata mtaalamu wa fiziotherapia aliyefunzwa sindano kavu, mweleze kama una ujauzito au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na uhakikishe anafungua pakiti mpya mbele yako. Mwombe pia akufundishe mazoezi ya shingo na mabega, maana bila hayo fundo hurudi. Kazini, unapoanika dagaa, usiiname mfululizo asubuhi nzima. Simama, zungusha mabega, na beseni zito libebeni wawili.